Picha ya Kabla

Jumatatu, 3 Juni

Mvua tangu alfajiri. Wadogo wawili wamekojoa kitandani na godoro moja halifai tena hata kwa paka. Nimeomba magodoro tangu mwaka jana. Naomba mpaka nimeichoka sauti yangu mwenyewe.

Saa nne mkurugenzi kaniita ofisini. Nikasema moyoni, magodoro hayo! Kumbe picha. Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi kuamua kama wataendelea kutubeba au watatutua, na makao makuu wanataka bango kubwa: mtoto mmoja, picha mbili. Upande mmoja alivyokuwa alipotoka kwao milimani, upande wa pili alivyo leo. Juu ya picha hizo, KABLA na SASA. Wamemchagua Kiranja wangu wa bweni. Sikushangaa. Wanasema alikuja hajui hata neno moja la lugha ya shule, leo ndiye anayeongoza darasani. Na akicheka, hata mpishi wetu aliyezaliwa amenuna hucheka naye.

Tatizo, picha yake ya kabla haipo. Mwaka aliokuja kamera ilikuwa mbovu. Mkurugenzi kasema basi tuipige sasa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 4 Juni

Usingizi wa mang'amung'amu. Asubuhi nimerudi ofisini kumwambia huyu mtoto ana miaka kumi na moja, ana heshima yake bwenini, tutamvishaje matambara mbele ya wenzake? Mkurugenzi si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Kanivutia kiti. Kasema, Mama Mlezi, hawa watu wasipoguswa, Desemba tunafunga. Watoto wote wanarudi kuchunga mbuzi. Unataka kuwarudisha wote kwa ajili ya picha moja? Na kwani ni uongo? Si ndivyo wanavyokuja?

Wengine ndiyo, nikasema. Yeye alikujaje sijui. Mimi nimeajiriwa mwaka jana, mlezi aliyempokea alikwisha kustaafu.

Basi, kasema, hata wewe hujui.

Jioni mdogo wangu kapiga simu, mama anakohoa tena. Nikamsimulia habari ya picha. Dada, hiyo nayo ni ya kukukosesha kazi? Mpake huyo mtoto vumbi, umwogeshe, yaishe! Ana mdomo huyu mdogo wangu! Lakini nani anayemlaza mama na kumwamsha? Yeye. Dawa za mama zinatoka wapi? Kwangu.

Alhamisi, 6 Juni

Imefanyika. Nimeifanya mimi.

Picha ya sare walipiga kwanza, hiyo ilikuwa rahisi. Aliambiwa atabasamu akatabasamu, kitabu kifuani, kola nyeupe pee. Halafu mpiga picha, mwanamke wa mjini mwenye haraka zake, akapaza sauti: Haya, sasa tupige ya Kabla! Alikuja na kamera mbili lakini nguo hakuleta. Ikabidi nitafute mwenyewe. Nikachukua fulana ambayo mlinzi hufutia baiskeli. Nikamfumua mtoto nywele, nywele nilizomsuka Jumapili kwa mikono hii hii. Nikamwomba mpishi anichotee majivu, akanijibu kazi yake yeye ni kupika. Nikachota mwenyewe.

Tulikuwa nyuma ya jiko. Kiranja hakubisha. Alisimama wima kama anapimwa nguo. Nilipofika shingoni akauliza polepole:

"Mama, nimekosa nini?"

Nikamwambia hujakosa kitu, ni picha tu, inawasaidia wenzako. Akasema haya.

Mpiga picha: kaa chini. Jikunje, uonekane mdogo. Usiangalie huku. Usicheke. Nani alikuwa anacheka! Waliokuwa wanacheka ni wadogo, wamejazana kwenye dirisha la bwalo. Niliwafokea na mikono yangu ya majivu mpaka mmoja akalia. Hawakuwa na kosa. Hasira ilikuwa yangu na ilinibidi niimwage mahali.

Baadaye nilimsikia anaoga. Kisha nikasikia anajaza ndoo tena. Sikumfuata. Ningemwambia nini?

Jumamosi, 8 Juni

Wenzake wameshampa jina. Kabla. Kabla, njoo. Kabla, leta sabuni. Akiwaambia watandike vitanda wanamuuliza majivu ameweka wapi. Nimewasema mpaka koo likauma, wananyamaza nikiwepo, nikitoka wanaanza upya.

Leo kaja kuniomba nimvue ukiranja. Nimemkatalia, nikampa maneno mengi ya kumtia moyo. Kasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akauliza kama anaweza kwenda.

Jumanne, 11 Juni

Hakuna jipya. Maji yalikatika. Mama nafuu kidogo. Kiranja anasoma tu, kutwa kucha, hainui kichwa.

Jumatano, 19 Juni

Mabango yamefika, mawili. Moja limefungwa ukutani kando ya geti letu. La pili wamelipeleka sokoni, kwenye njia panda, ili watu wa mjini nao watujue. Makubwa! Uso wa mtoto mmoja unanizidi urefu. Walimu wote wamelisifia. Mkurugenzi kapiga picha ya picha, kaituma makao makuu, wamemjibu kwa vidole gumba vitatu.

Mimi naona majivu tu. Naona pale shingoni kidole changu kilipopita, kimeacha mstari. Limekuzwa mpaka mstari umekuwa kama barabara.

Saa tisa nikamkuta Kiranja peke yake mbele ya bango. Nikamuuliza unaonaje. Akasema herufi zimepangwa vizuri. Basi. Nikamshika bega, akaliacha bega lake mkononi mwangu, hakulitoa, hakuegemea. Heri angelitoa.

Jumatatu, 24 Juni

Wageni wamekuja na kuondoka. Wameimbiwa, wamepewa maua, wamezungushwa madarasa yote. Mama mmoja alisimama mbele ya bango akatokwa na machozi, machozi ya kweli. Akaomba kumwona mtoto mwenyewe. Kiranja akaletwa, akakumbatiwa, akasema asante vizuri kabisa, kama tulivyomfundisha. Yule mama akawa anamtazama yeye, anatazama bango, anamtazama yeye.

Wataendelea. Wametamka mbele yetu sote. Bweni halifungwi. Na magodoro yanakuja! Mkurugenzi kacheza ofisini, mtu mzima yule, tumbo linamruka. Kaniambia, umeona, Mama Mlezi?

Nimeona. Nimefurahi, sitajidanganya humu. Watoto hawa wote watabaki na vitabu vyao, na mama atapata dawa zake. Lakini furaha yenyewe inanikwama. Chakula cha jioni sikukigusa.

Alhamisi, 27 Juni

Baba yake amekuja.

Naandika haraka, nimesimama dirishani bwenini. Niliaga kwamba nakuja kuchukua kitu. Hakuna kitu. Nimekimbia.

Baada ya chai mlinzi aliniita getini. Mwanamume mrefu, koti safi, vumbi magotini, ameshika mfuko. Lugha yetu hajui. Mlinzi anaijua yao kidogo, akawa anatafsiri. Jana alishusha mbuzi sokoni. Akiwa pale akainua macho, akamwona mwanawe juu ya kitambaa. Upande mmoja sare, upande wa pili mchafu, nywele zimesimama, amekaa chini kama mtoto asiye na watu; na kusoma hajui. Mbuzi hakuwauza. Kamwachia mwenzake, kaja kwa miguu.

Akauliza, mtoto ameugua? Maji yamewaishia? Mbona hamkuniita? Akafungua mfuko kunionyesha: mche wa sabuni, mafuta ya kujipaka, kitana, gauni. Akasema, kama hamna nafasi ya kumwogesha nitamwogesha mwenyewe, nionyesheni bomba tu.

Yeye akaendelea, hana hasira, anaeleza tu kama mtu anayedhani kuna jambo halikueleweka. Mlinzi alikuwa anatafsiri huku anatazama viatu vyake. Kwamba siku aliyomleta hapa alikuwa ameoga. Mama yake alimsuka, akampaka mafuta, akamvalisha viatu vipya. Njia ilikuwa tope, yeye akambeba mgongoni mpaka hapa getini ili viatu visichafuke.

"Anasema, aliwaletea mtoto msafi," mlinzi akamalizia. Akarudia mara ya pili, na ile ya pili sijui ilikuwa ya baba au ya mlinzi mwenyewe.

Nikaenda kumtoa Kiranja darasani. Njiani nilimwambia tu una mgeni. Alipomwona akakimbia! Sijawahi kumwona anakimbia hivyo. Baba yake akamshika akamkagua kama mtu anayekagua mbuzi aliyepotea akapatikana: shingo, nyuma ya masikio, viganja, kucha. Akamnusa kichwani. Akacheka kwa sauti. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, nikadhani yameisha. Mtoto ni msafi, amenenepa, amefurahi, mzee atakunywa chai arudi kwa mbuzi wake.

Ndipo akageukia ukuta.

Akamuuliza mlinzi, sasa hii ni nini? Mlinzi akanitazama mimi. Mkurugenzi alikuwa amesimama dirishani kwake, ananipungia mkono: mwingize mtoto ndani, mpe kazi yoyote! Sikumwingiza. Nilisimama pale kama mlingoti. Baba alituona sote tunavyotazamana, na si mjinga yule. Akatupa mgongo. Akamshika mwanawe mkono, akamsogeza mpaka kwenye bango.

"Amemwambia nini?" nikamuuliza mlinzi.

"Amesema, hawa wameshindwa kunijibu. Wewe ndiye niliyekuleta usome. Nisomee."

Hapo ndipo nikaja huku.

Kutoka hapa sisikii, lakini naona. Kaanza na upande wa sare, yule mtoto, mwerevu! Kaweka kiganja chini ya neno SASA, kalisoma, kalifafanua kwa lugha yao. Baba kaitikia kwa kichwa. Kalipapasa lile neno herufi moja moja, kampapasa na mtoto kichwani. Anajivunia, naona mabega yake yamepanuka. Hajawahi kusomewa kitu na mtu wa nyumbani kwake.

Sasa kidole chake kimehamia upande wa pili.

Akimsomea kweli, baba atajua tumeiambia dunia nzima kwamba nyumbani kwake ndiyo hayo majivu. Atamchukua leo hii, na ana haki yake. Shule ndiyo imekwisha. Akimdanganya, atabaki, na uongo wa kwanza anaomsomea baba yake atakuwa ameufunzwa na mimi, nyuma ya jiko. Ningekwenda. Ningesema ni mimi. Ni hatua chache tu kutoka hapa! Mkurugenzi ananiita, sasa anagonga mlango. Na kazi yangu je, na mama je?

Kidole cha baba bado kiko palepale. Kiranja hajafungua mdomo. Amegeuka, anatazama huku bwenini, ananitafuta mimi—