Simu ya Violeth na vidonge vyangu

Ema, nimeaibika. Nimempokonya mke wangu Violeth simu mbele ya mama yake.

Kila jioni anachati na Gerald, yule daktari wa Katesh aliyenipa dawa za sonona zinisaidie kuacha mirungi. Mashairi yangu hajawahi kuyajibu haraka hivyo.

Nikasoma kwa sauti, nimuumbue. Daktari kaandika: "Leo ametafuna? Mirungi ikikutana na zile dawa, presha inaweza kupanda vibaya."

Violeth kajibu: "Hajatafuna, daktari. Namwamini."

Namwamini, Ema. Kaandika hivyo.

Mama mkwe akasema, "Mbona umenyamaza, mshairi? Endelea."

Mirungi ilikuwa shavuni. Nikaitema kiganjani, nikamrudishia Violeth simu. "Mwandikie kwamba nimetafuna."

Anaandika sasa hivi. Hajanitazama.