Mbuzi wa Kona ya Mwisho

Rukoki, Kasese
6 Agosti 2025

Kwa shemeji Katembo, Bwera,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi watatu ambao wote ni kuku, natangaza kwamba kofia yangu imepatikana. Ilikuwa korongoni, pale pale ulipoitupa Jumapili. Haina ukingo, na kuna mnyama aliyeionja akaghairi. Mazishi hayatafanyika. Nimeivaa ninapoandika.

Baada ya tangazo hilo, habari za huko? Dada yangu Marita hajambo? Mpwa wangu Chérie naye? Wewe mwenyewe unalala, unakula vizuri? Sisi huku wazima, ila mpunga wangu wa Mubuku umegeuka kuwa hoteli ya ndege.

Simu yangu umeifungia, kwa hiyo barua hii nampa Shafic wa teksi. Amesema atakutia mkononi na kukimbia.

Najua una hasira. Mwaka wa tatu huu unapanda kilima chetu na gari lako la usukani wa kushoto, na kila mwaka watu wa Kasese wanakucheka kwamba umekalia upande wa abiria. Safari hii kombe lilikuwa linakunukia. Halafu kona ya mwisho, shemeji yako wa damu, mwanachama pekee wa klabu ya mbio za magari ambaye gari lake kuku wanatagia mayai, anakuinulia bendera nyekundu. Lakini mbuzi alikuwa katikati ya barabara. Ningefanyaje?

Nisamehe, tuyamalize.

Wako shemeji,
Nobert

*

Bwera
10 Agosti 2025

Nobert,

Salamu haina kosa, kwa hiyo nakusalimia. Mimi niko muzima. Marita iko muzima. Chérie iko muzima. Afya yetu haikuhusu, nimeijibu kwa adabu tu.

Sasa ile mbuzi. Iko wapi? Mutu gani alimuona? Nimeuliza watu wote waliokaa kwa kilima, hakuna hata mumoja. Mimi nilikuwa ndani ya motokari, macho yangu mbele, sikuona mbuzi. Hata mavi ya mbuzi haikuwa. Ni mbuzi gani ile, ya malaika?

Nakumbuka vyote, usifikiri nimesahau. Jumapili ile nilienda Misa, sikutia hata chai mdomoni mpaka komunyo, vile mama yangu alinifundisha Butembo. Padre akabariki motokari zote, moja moja, mpaka na pikipiki ya mupiga picha, jua likapanda. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa mustari wa kuanzia. Mungu alikuwa na mimi. Na wewe, mutu ya kushika drapo, ile bendera yako nyekundu, ukamusimamisha hata Mungu!

Halafu ukaongeza dharau. Ukaweka jiwe nyuma ya gurudumu langu, sawa mimi niko lori ya makabichi. Ukanipa soda sawa mutoto aliyeanguka. Na mimi kwa hasira nikainywa yote, ndiyo maana mpaka leo iko inanichoma rohoni.

Sema ukweli: Kasese hamutaki kombe liende Bwera kwa mukono wa Mukongo. Miaka makumi mbili nimeoa kwenu, na bado niko mugeni.

Usiniite shemeki kwanza.

Katembo

*

Rukoki
15 Agosti 2025

Kwa mtu ambaye nimekatazwa kumwita shemeji,

Hujambo? Chakula unakula kwa wakati? Nauliza tena kwa sababu hukujibu. Mimi sijambo, isipokuwa sasa mji mzima unaniita Baba Mbuzi. Jana sokoni mama mmoja wa Muhokya alinishika shati akitaka kujua mbuzi alikuwa wa rangi gani, maana wake amepotea. Nikasema mweupe. Wake ni mweusi, basi nikapona.

Mwenyekiti wetu Musitafa alinihoji mbele ya kamati. "Nobert, huyo mbuzi alitoka wapi?" Juu, nikasema. "Akaenda wapi?" Chini. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Nami nikacheka nao, maana wewe unanijua, mimi nikichekwa sipungui kilo.

Lakini hilo la ugeni limeniuma. Ulipomtolea Marita mahari, nani alisimama upande wako wazee wakikuzungusha? Kombe lingekuja kwako, mimi ndiye ningelibeba mpaka Bwera kichwani.

Nakuomba kitu kimoja. Nasikia unadai mbio zirudiwe. Usidai. Pumzika mwaka huu. Ukitaka, waambie watu kwamba mimi ni mwongo na mjinga, nitaweka sahihi. Ila kilima kile kiache.

Nobert, aliyekuwa shemeji

*

Bwera
22 Agosti 2025

Baba Mbuzi,

Habari ya kwako. Yetu ni nzuri sana, na leo utajua kwa nini.

Musitafa ameamua. Mbuzi haikuonekana, mwenyewe wa mbuzi hakuonekana, kwa hiyo narudia kupanda, Jumapili tarehe 31, baada ya Misa. Na wewe umenyanganywa drapo. Kona ya mwisho atasimama mutu mwenye akili.

Uliniandikia "pumzika". Pumzika ni neno ya kuandika kwa kaburi. Mimi nauza vitenge, siku nzima nakaa kwa duka nikikunja na kukunjua. Siku moja kwa mwaka niko mwanaume. Hiyo siku moja ndiyo uliiba.

Tena Chérie atakaa kando yangu, anisomee kona. Nataka mutoto aone baba yake akipita pale mujomba wake alimusimamisha. Marita amekubali, anashona hata shati zetu za rangi moja.

Usije kwa kilima. Ukija, safari hii hakuna kofia tu itaruka.

Katembo, si shemeki ya mutu

*

Rukoki
26 Agosti 2025

Kwa shemeji Katembo, kupitia mkono wa dada yangu Marita, amsomee kwa sauti,

Salamu kwenu nyote wawili. Marita, kabla hujaendelea, mpe chai na kitu cha kutafuna. Shemeji, kaa. Sasa umeelewa kwa nini sauti inayokusomea si yako. Kiapo chetu nimekivunja, nimekivunja makusudi, na mimi ni mjomba wa Chérie: hilo lilikuja kabla ya kiapo.

Hakukuwa na mbuzi.

Dada, mumeo ana sukari. Mwaka jana alipokuja "kununua vipuri" Kasese tulikuwa kliniki. Anajidunga sindano kila asubuhi, dawa anaificha dukani chini ya vitenge. Aliniapisha wewe usijue, klabu wasijue. Aliniambia, "Watanifungia motokari, nibaki mutu ya duka tu." Nami nikaapa, kwa sababu nampenda na kwa sababu sina akili.

Shemeji, Jumapili ile ulijidunga kama kawaida, halafu ukafunga kwa ajili ya komunyo, halafu padre akabariki hadi pikipiki, na sindano bila chakula ikaishusha sukari yako. Nilikuona tangu kona mbili za chini. Gari lako nalijua. Lilikuwa linakuja kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Madereva wetu wote hukaa kulia, upande wa mlima, kwangu ukingoni huniachia mlango mtupu. Wewe peke yako, kwa usukani wako wa kushoto, hunipitia na uso. Na uso ule ulikuwa umelowa jasho, na macho yalinitazama yasinione. Niliinua bendera, hukuiona. Niliruka barabarani nikapunga kama kichaa, hukuniona. Kilichokusimamisha si mimi. Mguu wako ulilegea wenyewe, gari likazimika, likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea korongoni. Hapo ndipo jiwe. Halikuwa dharau. Lilikuwa jiwe lililokuwa karibu.

Nilipofungua mlango uliniita Papa. Uliuliza, "Papa, tumeshafunga duka?" Nikasema tumefunga, mwanangu, kunywa. Ukanywa soda mkononi mwangu huku nimekushika kidevu.

Musitafa na wenzake walikuwa wanapanda mbio. Nilikuwa na nafasi ya uongo mmoja tu, na katika mifugo yote ya Mungu mbuzi ndiye aliyenijia.

Halafu macho yako yakarudi. Ukaniita nyani wa Rukoki, ukanivua kofia, ukaitupa. Shemeji, sijawahi kufurahia tusi namna ile. Nilisema moyoni: anatukana, basi yuko. Na barua zako zote nimezisoma hivyo hivyo, nikitabasamu kama mpumbavu.

Ila kwa hii ya mwisho sikutabasamu. Umetaja Misa, umetaja Chérie.

Kombe sijui la nani. Chérie ulimfundisha mwenyewe kuendesha, mpe yeye usukani, wewe kaa kulia usome kona ukiwa umekula. Musitafa nimemwandikia nusu tu: kwamba mbuzi nilimzua. Nusu ya pili ni yako, uiseme wewe au uinyamazie.

Marita, usilie kwanza, mwongeze chai. Ukishamaliza kusoma, mpe kalamu.

Nitukane, shemeji. Nangoja.

Nobert