Maoni Yako Chini ya Picha ya Ashrafu

Mwankoko, Singida

Kaka Sultani,

Shikamoo. Naiandika barua hii kwa sababu mama kaniagiza. Alizeti tumevuna, na kuku wa marehemu Ashrafu wameanza kutaga.

Jana niliingia intaneti kafe pale stendi, nikafungua lile jukwaa unalojisifia. Nikakuta picha ya mdogo wetu akiwa chini pale mnadani, uso umepondwa kwa mawe. Nilimjua kwa shati. Chini yake, kwa lile jina lako la bandia, umeandika: "Safi sana! Kijana wa kijijini, simu ya kamera kaitoa wapi? Vibaka ni kuua tu." Uliandika mchana ule ule alipouawa, kabla hatujakupigia.

Simu ulimtumia wewe, kaka. Alilia, "Nimepewa na kaka yangu!" mpaka wakamvunja taya.

Ukaja kuzika, ukalia kuliko sisi wote, ukarudi Dar. Maneno yako bado yapo.

Mama sijamwambia. Yeye amesikia kwamba huko mtandaoni watu wanakusikiliza sana. Anakuomba uwaandikie kwamba mwanawe hakuwa mwizi.

Mdogo wako aliyebaki,
Johari