Marehemu Mume Wangu Bado Anatufungulia Ofisi Kila Asubuhi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na usidhani nimechanganywa na msiba, kwa maana mimi ni mtu wa hesabu, nilianza na gunia moja la chakula cha ng'ombe nikipima kwa kopo la gorogoro, leo nina maduka matatu ya dawa na vyakula vya mifugo, Kinoru, Ruiri na Laare, na hakuna aliyenishika mkono isipokuwa mume wangu Mutwiri, ambaye sasa ni marehemu na ndiye anayeninyima usingizi.

Mutwiri alituwekea mtambo wa takwimu, ule unaoonyesha kwa michoro duka gani limeuza nini, akauunganisha na kila kitu chetu ili mtu akiingia mara moja tu asubuhi milango yote ifunguke, mauzo, ghala, mishahara, bila kukariri nywila tano, lakini kila jina la mtumiaji hulipiwa, nami nikapiga hesabu nikaona majina ya ofisi nzima kwa mwaka ni bei ya ng'ombe mtamba, nikasema jina moja linatosha, basi wote tukawa tunaingia kwa jina la Mutwiri: karani wetu Igoki anabonyeza, simu ya Mutwiri inalia popote alipo na kumuuliza, "Je, ni wewe unayeingia?", naye anajibu ndiyo.

Aliugua figo, tukamzika kwao Ruiri mwezi wa Machi. Siku ya kwanza tuliporudi kazini Igoki alibonyeza kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaniangalia, na kabla hatujasema neno mlango ukafunguka, michoro ikatokea, na pale juu jina la Mutwiri likiwa na alama ya kijani kwamba yupo.

Mshauri, imekuwa hivyo kila asubuhi. Tunabonyeza, tunangoja, Igoki ameshika rozari, naye anatufungulia. Jioni moja nikabaki peke yangu nikajaribu kuingia ili niuhamishe mtambo kwa jina langu, kompyuta ikaandika, "Mwenye akaunti amekataa." Nikajaribu jioni nyingine, amekataa. Asubuhi anafungua kama kawaida. Shemeji yangu Kiunga aliposikia alicheka akasema, "Hata huko aliko anakujua, Gatakaa. Unataka kumfuta ule peke yako."

Basi nikamwagiza Igoki abonyeze saa ile ile, mimi nikaenda Ruiri kwao, vitu vyake vilikobaki. Nilimkuta mama mkwe sebuleni amevaa nguo zake za kanisani, simu ya Mutwiri iko mezani na mbele yake kikombe cha chai kinachotoa moshi, ambacho hakuna aliyekuwa anakinywa. Simu ikalia, mama akavaa miwani, akabonyeza. Kumbe Mutwiri alipolazwa alimwachia simu hiyo akamwonyesha pa kubonyeza, ili kazi isikwame, na baada ya mazishi hakuna aliyemwambia aache. Nikamwambia, Mama, lakini hiyo simu inauliza kama ni Mutwiri.

"Najua inachouliza," akasema. "Nikiiambia si yeye, atakwenda wapi?"

Nikamuuliza basi mbona jioni ananikataa mimi. Akashangaa. Jioni, alisema, huizima simu na kuifungia sandukuni pamoja na nguo za mwanawe.

Sasa chama chetu cha akiba na mikopo kimekataa takwimu zilizo chini ya jina la marehemu, na nisipozihamisha kabla ya mwezi kuisha sipati mkopo wa kununua mali ya msimu, na duka la Laare nalifunga, na watu wangu wanne wa huko wanarudi nyumbani. Wenye mtambo wanasema simu ile lazima ikubali mara moja ya mwisho, kisha jina la Mutwiri liondoke na isimuulize tena kamwe. Jumapili mama huenda kanisani na simu huiacha. Mlango wa nyuma naujua. Je, niende?

Gatakaa, Kinoru

MSHAURI ANAJIBU

Gatakaa, pole kwa kumpoteza Mutwiri. Na hapana, usiende.

Kwanza tukae kwenye hesabu, kwa kuwa ndizo unazozipenda. Kwa kuokoa bei ya mtamba ulimfanya mtu mmoja kuwa mlango wa watu wote, na alipofariki hukubadilisha kufuli. Miezi hii yote umekula kwa jina lake, ukamwachia mama mzee kazi ya kukufungulia, hata asante hajapata, halafu unataka kumwibia akiwa anasali. Shemeji yako ana mdomo mchafu, lakini ukifanya hivyo utakuwa umempa haki.

Nenda asubuhi, siku ya kazi, na umchukue Kiunga ashuhudie kwa macho yake. Mweleze mama wazi kwamba safari hii simu haitauliza swali la kila siku, itauliza kama Mutwiri apumzike. Kisha nyamaza. Kidole kiwe chake, hata ikichukua asubuhi nzima, hata akikuambia urudi kesho.

Lakini usiende mikono mitupu. Fungulia kila karani jina lake, uwe na watu wawili wa kuidhinisha, na jina moja zaidi umlipie mama mkwe, aone duka la Ruiri tu. Liweke kwenye simu ile ile. Kesho yake asubuhi italia na kumuuliza, "Je, ni wewe?", naye atajibu ndiyo bila kusema uongo. Kunywa ile chai naye.

Kuhusu zile jioni, huenda mtambo usipojibiwa hujifunga wenyewe na kuandika kwamba mwenyewe amekataa. Muulize fundi. Akikuambia sivyo mtambo unavyofanya kazi, mimi sina jibu lingine, na sitakudanganya kwamba ninalo.

Ila mpaka jina lile litoke, usibonyeze tena jioni. Asubuhi tunajua ni nani aliye upande wa pili wa mlango.