Picha Niliyompiga Lilian Juu ya Barafu

Mpenzi Baba Shiro,

Pokea salamu zangu kabla sijakuharibia siku. Natumaini homa ya Shiro imeshuka, na mgongo wako umepata nafuu tangu uinue lile kabati peke yako. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nitalia, na mambo yatabaki nusu. Nitapiga picha kila ukurasa nikutumie. Nataka uyasikie kutoka kwangu kabla hayajafika kule kazini kwangu, nyumbani kwa Mzee Lavington, na kugeuzwa.

Mzee amefariki. Ni jana asubuhi.

Unakumbuka safari hii ilivyoanza. Lilian, bintiye, alikuja kutoka Uingereza akasema babake alitamani tangu ujana kukanyaga barafu, na mimi ninayemwogesha na kumpa dawa huu mwaka wa nne lazima nije naye. Nilipopita karakana kwako Dagoretti Corner kukuaga, uliacha randa ukaniuliza, "Na akipotea huko?" Nilikucheka. Nikasema bintiye atakuwepo.

Mji wenyewe uko kusini kabisa mwa Argentina. Tulipanda ndege tatu, halafu basi mwendo wa masaa matatu bila kuona nyumba. Barabara ni moja, na kila mlango ni hoteli au duka la kukodisha makoti. Upepo unakusukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka. Watalii wanacheka kila mahali, lakini wenyeji hawachekei barafu. Mama anayetuandalia chai, anaitwa Rosa, aliposikia tunapanda huko alimtazama Mzee, kisha akamwongezea mkate.

Siku tuliyofika nilimkuta Mzee ameketi kitandani, amefunga tai.

"Mama Lilian amefika?" akaniuliza.

Mkewe alizikwa hata kabla sijaanza kazi pale. Nimezoea akisahau miwani, au akiniita kwa jina la dada yake, lakini hili lilikuwa jipya.

"Ametangulia," akajijibu mwenyewe. "Alisema tukutane kwenye barafu."

Nilienda moja kwa moja kumwambia Lilian. Alikuwa mbele ya kioo akipaka mafuta ya midomo, wala hakugeuka.

"Dadi amechoka na ndege. Nyambura, hii safari nimeipanga mwaka mzima. Tafadhali usiniharibie."

Kesho yake tulijaza fomu kwenye ofisi ya waongozaji. Swali moja liliuliza kama msafiri ana tatizo la kusahau au kuchanganyikiwa. Lilian akatia alama kwenye hapana. Mwongozaji wetu, msichana anayeitwa Marcela, alikuwa anamtazama Mzee akifunga kamba za kiatu kimoja, anafungua, anafunga tena. Akanigeukia mimi, si Lilian.

"Wewe ndiye unamtunza. Yuko sawa?"

Lilian alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Nikasema, "Yuko sawa."

Hilo neno ni langu, Baba Shiro. Sitalisukumia mtu mwingine.

Tulifungwa vyuma vyenye meno chini ya viatu, tukapanda watu kumi kwa mstari, Marcela mbele na mwenzake nyuma. Alituonya tusitoke kwenye mstari hata hatua mbili, kwa sababu barafu inaonekana ngumu na huku chini ina mashimo yanayopitisha maji. Nilifikiri itakuwa nyeupe kama ya friji. Ni ya samawati, ina mistari ya uchafu, na inalia. Inanguruma kama lori linalomwaga mawe, kisha kimya kinarudi, na hicho kimya ndicho kibaya zaidi. Kila ilipolia watalii walipiga makofi. Mzee hakupiga. Alisimama akainamisha kichwa, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Ni barafu, Mzee."

"Hapana. Si barafu."

Nikamshika mkono na sikuuachilia mpaka tulipopumzika kula. Nilimkalisha juu ya begi langu. Hapo Lilian akaninyooshea simu yake.

"Nipige picha haraka, kabla wingu halijashuka."

Nilipiga. Akataka nyingine, kofia ilikuwa imekaa vibaya. Nikapiga ya tatu na ya nne. Nilipogeuka, begi lilikuwa peke yake.

Marcela aliona alama za meno ya viatu zikielekea nyuma ya kilima cha barafu. Waliniambia nibaki, sikubaki. Tulimpata ndani ya ufa, kina kama cha watu wawili, maji yakimpita kiunoni. Alikuwa anatazama juu. Aliponiona akatabasamu.

"Umechelewa," akasema kwa Kikuyu, na akaniita kwa jina la mkewe.

Ningefanya nini? Nilimjibu kama mkewe. "Nimefika sasa. Usiende popote." Nililala kifudifudi pale ukingoni nikamwongelesha habari za ng'ombe na za kanisa, chochote, wakati wao wanashusha kamba. Walichukua muda mrefu sana. Mpaka wanamtoa, midomo yake ilikuwa imefanana na ile barafu.

Zahanati ya huku ni ndogo. Alikaa siku mbili, kifua kikazidi kumbana, na jana pumzi ikakatika nikiwa nimemshika mkono. Lilian alikuwa nje akiongea na shirika la ndege.

Mchana aliingia chumbani kwangu na karatasi iliyochapwa.

"Utie sahihi hapa. Ulikuwa umemshika, akakuponyoka. Na hukuwahi kuniambia kwamba anasahau."

"Na ile picha?" nikamuuliza. Maana kule zahanati nilikuwa nimeiona kwenye simu yake. Katika ile ya nne, nyuma ya bega lake, Mzee anaonekana na koti jekundu, ameshafika mbali, anaelekea kilimani. Lilian amempa mgongo, na mimi nyuma ya simu nilikuwa natazama kofia tu.

"Picha gani?" akasema. Alinitazama hadi nikashusha macho. "Nani ataaminiwa, Nyambura? Mimi, ama mfanyakazi?"

Lakini hata kalamu alikuwa amesahau kuja nayo. Sina chuki naye. Amempoteza baba, na anajua vile alivyompoteza.

Sikutia sahihi. Leo asubuhi nilimtafuta Marcela nikamweleza yote, pamoja na uongo wangu. Akavaa koti tukaenda polisi, akanitafsiria neno kwa neno. Wameshika pasipoti yangu mpaka uchunguzi uishe. Lilian amefuta tiketi yangu ya kurudi. Rosa amenipa chumba nyuma ya jiko lake, namsaidia kuosha vyombo. Siku ya kurudi siijui.

Sasa nisikilize vizuri. Lilian ana watu Nairobi. Wakija kwetu Kabiria na karatasi yoyote, hata wakija na pole na unga na maneno matamu, usitie sahihi, na usiwape kitambulisho changu. Msomee mchungaji barua hii, ili kuwe na mtu mwingine anayejua.

Nisalimie mama yako, na dada yangu Njoki anayekaa na mtoto. Mlinzi wa Lavington mwambie wewe mwenyewe, taratibu, maana walikuwa wakinywa chai pamoja na Mzee kila asubuhi. Shiro mwambie mama yuko kazini.

Nikiandika mstari huo mtu amebisha mlango. Ni Lilian. Analia, na ananiita "dadangu", jina ambalo hajawahi kuniita. Rosa ametoka kwenda sokoni. Sijafungua. Nakutumia kurasa hizi kwanza.

Mkeo,
Nyambura