Mzunguko wa Bwawa

Jumatatu, 14 Julai
Bwawani tena. Ukungu umelala juu ya maji, vidole vyangu vimekufa ganzi. Mume wangu mbele na bakora, mimi nyuma. Tangu alipopooza upande wa kulia mwezi wa Machi, daktari anataka atembee kila asubuhi. Mtu mzima wa afya huzunguka hapa kwa nusu saa. Sisi, saa mbili. Anasimama kwa kila ndege. Leo kwarara wanne matopeni. Aliwatazama mpaka miguu yangu ikauma.

Jumatano, 16 Julai
Manyunyu. Nimemvisha sweta mbili, soksi, viatu. Alikuwa dereva wa lori la simiti, huyu, akiinua gurudumu la akiba peke yake. Sasa ananyoosha mguu nimfunge kamba. Watu wa kanisa wananisifu kwa uvumilivu. Naandika hapa tu: nimechoka naye.

Ijumaa, 18 Julai
Nimefanya jambo baya.
Alikaa kwenye jiwe kumtazama mdiria akivizia samaki. Nikamwambia, "Kaa hapo, nakuja." Hakujibu. Nikaenda. Nilizunguka peke yangu, haraka, mikono mfukoni. Nyangeyange waliruka mbele yangu, kundi zima, na sikulazimika kusimama. Nilifurahi. Kweli nilifurahi.
Niliporudi, jiwe tupu.
Niliita mpaka sauti ikakauka. Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe akanijibu kutoka chini, "Mwaitu, mama, kuna mzee huku." Alikuwa ndani ya matete, maji kiunoni, ameyashika kwa mkono wa kushoto. Midomo ya kijivu. Tulimvuta sisi wawili.

Jumamosi, 19 Julai
Hospitali. Nimonia. Wamemwekea oksijeni. Binti yetu Mbithe amekuja kutoka Athi River, bado na aproni ya kiwandani. Akauliza ilikuwaje. Nikasema aliteleza nikiwa nimemshika mkono. Ilitoka rahisi sana.

Jumatatu, 21 Julai
Homa haishuki. Mbithe amemwambia nesi, "Bila Mum angezama." Nikatoka nikasimama koridoni. Kama atakufa, atakufa kwa sababu nilitaka kutembea haraka.

Jumatano, 23 Julai
Homa imeshuka usiku. Asubuhi ameongea. Mbithe alimuuliza, "Baba, uliangukaje?"
Alinitazama kwanza. Maneno yake hutoka moja moja. "Mama yako... alichoka. Nikamwambia... aende."
Hakuniambia. Siku ile hakusema neno. Sijui kama amesahau au ananikinga.
Mbithe akanigeukia. Nikamweleza yote, pale pale kando ya kitanda. Kwamba nilimwacha, na kwamba nilidanganya. Hakupaza sauti. Akachukua mkoba wake akatoka. Baba Mbithe akafumba macho. Mkono wake ulibaki juu ya wangu, mzito, na sikuweza kujua kama ameuweka au umeanguka tu.

Ijumaa, 25 Julai
Mbithe amepiga simu. Sauti kavu. "Mbona hukuniambia umechoka?"
Nikasema sikujua nitaanzia wapi.
Akasema kila wikendi atakuwa anakuja, Jumamosi na Jumapili baba ni wake. Sikumwambia asijisumbue. Mwezi uliopita ningemwambia.

Jumapili, 3 Agosti
Tuko nyumbani tangu Alhamisi. Amekonda, anakohoa kidogo. Bado baridi, jua halijatoka wiki nzima.
Nimeamka saa tatu. Sikumbuki mara ya mwisho kulala hivyo. Kitanda upande wake kitupu, nikashtuka, kisha nikawasikia nje. Mbithe anamtembeza uani, kutoka tangi la maji mpaka langoni, na kurudi. Hazungumzi nami sana bado. Lakini alikuwa ameacha chai kwenye meza, imefunikwa kwa sahani.
Sikutoka kuwasaidia. Nilikaa jikoni nikainywa ikiwa bado moto, kikombe kizima.