Sabuni Yenye Inanuka

Mujukuu wangu Riziki, salamu toka Kalemie. Tuko wazima, na dada yako amepata mutoto mwanamuke.

Umeuliza kwa nini watengenezaji wa michezo ya kompyuta wanapeleka habari kwanza kwa magazeti ya wengine. Wakati wa Zaire nilianza kupika sabuni ya mawese. Kipande cha kwanza nilimupa Mama Feza, musukaji wa nywele. Wanawake walishinda kwake, naye hakujua kusifu bure. Aliwaambia, "Inatoa uchafu kabisa, lakini inanuka kidogo."

Nilinuna. Kesho yake wakajaa mulangoni: "Mama, ile sabuni yenye inanuka iko wapi?"

Ningejisifu mwenyewe, nani angeniamini? Mungu amulaze pema Mama Feza. Ile "inanuka" yake njo ilisomesha baba yako.

Kambo yako, mama ya baba yako